Vitumbua Vilivyofungwa kwa Binti Trekta

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne saa nne asubuhi, nimesimama nje ya geti la shule, kitumbua kimoja kikiwa kimeshafika nusu ya koo. Nilikuwa nimempelekea mwanangu daftari la hesabu alilolisahau nyumbani. Wakati wa kutoka nikanunua vitumbua vitatu kwa dada anayeuza pale getini, akanifungia kwenye karatasi kama kawaida. Nilikula cha kwanza, nikafungua karatasi nichukue cha pili, nikakutana uso kwa uso na Binti Trekta.

Kwa asiyemjua, Binti Trekta ni msichana wa kwenye kitabu cha katuni. Ana miaka kumi na miwili, anaendesha trekta la babu yake na kazi yake ni kuwaumbua wezi wa mbolea. Pembeni mwa picha yake, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na maandishi: "Nimekipa 9. Nimekata 1 kwa sababu trekta limelia na trekta halilii." Huo ni mwandiko wa Ester, mwanangu, darasa la tatu. Kitabu hicho na vingine vinne vilikuwa vimechukuliwa na mwalimu wake wiki tatu nyuma, na mimi mzazi nikaambiwa vimehifadhiwa kabatini mpaka shule zitakapofungwa.

Vimehifadhiwa. Kwenye mafuta.

Sasa kabla sijasema nilifanya nini, ninyi wenzangu mliosoma hapa Ifakara miaka ile tukiwa na magoti ya kijivu kwa vumbi, inabidi tukumbushane kwanza tulikuwa watu wa namna gani. Bila hilo mtaona nimegombana na mwalimu bure. Na huyo mwalimu mnamjua. Siku hizi anaitwa Madam Skolastika, anavaa miwani na anatembea na rula. Ni Skola. Skola yule yule.

Enzi zetu katuni haikuwa kitabu. Ilikuwa ni kitu kinachokuja kimefunga kitumbua. Magazeti ya katuni yalichapwa Dar, yakasomwa na watu wa Dar, yakasomwa tena na watu wa Morogoro, ndipo yakapakiwa kama karatasi za kufungia yakatufikia yakiwa hayana jalada, hayana mwanzo, na mengine hayana adabu. Aliyeyapokea ni Mama Sikudhani, aliyekuwa anakaanga vitumbua njiani kwenda shuleni. Mnaikumbuka ile harufu. Mchele wa bonde hili hili, umelowekwa ukasagwa, tui la nazi, na iliki aliyoitia bila huruma. Ukiwa bado mbali, kabla hujaona moshi, tumbo lilikuwa limeshakutangulia.

Lakini mimi na Skola na Kabula hatukuwa tunachagua kitumbua. Tulichagua karatasi. Kabula alikuwa mtoto wa wafugaji waliokuja bondeni na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Alitukuta darasa la pili akiwa na Kisukuma kingi na Kiswahili cha kuombea maji tu. Kiswahili chake kingine chote alikipata kwa Mama Sikudhani, kwenye karatasi, ndiyo maana mpaka leo ana maduka mawili ya nguo na watoto watatu, lakini akikasirika anaongea kama askari wa kwenye katuni. Basi tunafika watatu, tunainama juu ya lile rundo la karatasi, mmoja anataka yenye polisi, mwingine anataka yenye mama mkwe. Mama Sikudhani anasimamisha mwiko.

"Mnakula au mnasoma? Semeni mapema nijue nitie sukari au nitie wino."

Raha yenyewe ilianza kitumbua kikishaliwa. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye karatasi, karatasi imekuwa kama kioo, ukiinyanyua kwenye jua unaona picha za mbele na za nyuma kwa pamoja. Hapo hadithi mbili zinakuwa moja. Sajini Dengu wa ukurasa huu anamkimbiza Bwana Kisigino wa ukurasa ule, wakati watu hao kwenye magazeti yao hawajuani kabisa. Sisi tulikuwa tunasoma hivyo hivyo. Nimekuwa mtu mzima ndiyo nikagundua Sajini Dengu hakuwahi kuwa na mke. Yule mwanamke aliyekuwa akimfokea kila siku alikuwa upande wa pili wa karatasi, anamfokea mtu mwingine.

Na kulikuwa na Itaendelea.

Chini ya ukurasa, pembeni kulia, pale ambapo mchoraji angeweka sahihi yake, palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wa madaha: Itaendelea. Sisi tukajua ndiye mchoraji. Msinicheke. Mtaa wetu ulikuwa na Sikudhani, ulikuwa na Havijawa, ulikuwa na kaka mmoja anaitwa Tutaonana na mzee anaitwa Hamjui. Kati ya watu kama hao, Itaendelea ni jina zuri tu, tena la mtu mwenye matumaini. Tulimheshimu sana. Alichora magazeti yote ya nchi hii peke yake, kila moja kwa mkono tofauti, na wala hakuchoka. Kabula akasema mtu mchapakazi namna ile lazima awe Msukuma. Skola akasikia wivu, akatangaza mbele ya watu kwamba Itaendelea ni mjomba wake, anakaa Mang'ula, na Krismasi atakuja na kalamu zake.

Tuliamini. Tukamtuma Skola salamu, na Skola akatuletea majibu ya salamu.

Ikafika siku mwalimu wa darasa la nne anafundisha nomino za pekee. Anataka mfano. Mikono imejaa juu, Ifakara, Morogoro, Juma, Tanzania. Skola akasimama akiwa na uhakika wa mtu anayetaja ukoo wake.

"Itaendelea, mwalimu."

Mwalimu akamwambia hilo ni tendo, Skolastika, tena la wakati ujao.

"Hapana, mwalimu. Ni mjomba wangu."

Yule mwalimu alitoka nje. Tulimwona dirishani ameshika nguzo ya bendera, mabega yanacheza. Tangu siku ile mpaka tunamaliza la saba Skola hakuitwa Skola, aliitwa Mpwa.

Msimu wa mpunga ndiyo ulikuwa msimu wa kusoma. Wazazi walituweka juu ya dungu tuwinge ndege, kombeo mkononi na kopo la kugonga. Mimi nilipanda na kurasa zangu chini ya gauni. Kelele za ndege nazisikia, lakini Bwana Kisigino amejificha ndani ya pipa la togwa akimkwepa mama mkwe, na mama mkwe ameanza kusikia kiu. Wewe ungeinuka? Nilipokuja kuinua macho, kona nzima ya shamba imekuwa mabua. Baba alifika, akaangalia mpunga, akaangalia karatasi, akakaa chini taratibu.

"Ndege wamekula mpunga, wewe umekula karatasi," akasema. "Sasa mimi nimemlimia nani?"

Hakunipiga. Mama ndiye aliyenitia adabu. Kwa wiki nzima chakula changu cha shambani kilifungwa kwenye jani la mgomba, nisipate hata herufi moja ya kulamba.

Na mwisho wa mwaka tulipiga kura. Kabla ya Krismasi tulikusanya kurasa zote za mwaka, tukazipanga chini kila mtu na hadithi yake, jiwe juu isipeperuke, halafu kila mmoja anaweka punje za mahindi kwenye ile aliyoipenda zaidi. Katuni ya mwaka. Bwana Kisigino alishinda miaka miwili mfululizo kwa wingi wa punje ambao mpaka leo hauelezeki, maana tulikuwa watatu na kila mtu alipewa punje tano, na Skola alikuja na sketi yenye mifuko. Ndiye huyo huyo aliyekuwa anaiba ukurasa wa mwisho wa hadithi, anauficha kwenye soksi, halafu ukitaka kujua mwisho unamchotea maji ndoo mbili. Nimebeba maji mengi ya akina Skola.

Ndiyo tulivyojifunza kusoma, jamani. Vitabu vya shule vilikuwa kimoja kwa watu sita, na wa katikati ndiye aliyeona. Kusoma kwa mbio, kwa hamu, kwa kutaka kujua mtu ametokaje kwenye pipa, tulikupata kwa Mama Sikudhani.

Watoto wa sasa wana shida zao. Mtoto wa jirani yangu nilimpa katuni, akaweka vidole viwili juu ya picha akavitanua. Picha haikukua. Akatanua tena kwa nguvu. Akanirudishia, akasema shangazi, hii imeharibika. Ukimwambia afungue ukurasa wa pili anatafuta pa kubonyeza. Enzi zetu sisi tulikuwa tunasoma kurasa mbili kwa wakati mmoja kwa msaada wa mafuta ya kula.

Ester naye alikuwa hivyo hivyo. Mwaka jana, darasa la pili, hakuwa anajua kusoma kabisa. Kwenye ripoti yake Madam Skolastika mwenyewe aliandika kwa wino mwekundu: "Hajui kusoma. Mzazi asaidie." Basi mzazi akasaidia. Nilimpigia kaka yangu Dar, nikamwambia aache kututumia biskuti, atutumie vitabu vya katuni kwa basi. Cha kwanza Ester aliangalia picha tu. Cha pili akaniuliza hapa wanasemaje, nikamwambia nina vyombo, soma mwenyewe. Alikasirika, akakaa chini, akaanza kukokoteza herufi moja moja kwa hasira. Ana hasira za mama yake, zimemsaidia.

Mwaka huu amesoma vitano na kila kimoja amekipa alama pembeni, kama mkaguzi. Inspekta Nyenyere amepata nane kwa sababu ni mdogo lakini hakubali kuonewa. Mfalme Mchicha amepata sita, anajisifu sana. Bibi Kizunguzungu saba, angepata zaidi asingekuwa analala kila picha. Daktari Kobe amepata tano, na Ester ameandika pale kwamba mgonjwa alipona mwenyewe wakati daktari yuko njiani. Binti Trekta ndiye wa kwanza, tisa. Kumi hajampa mtu, anasema kumi ni ya Mungu. Nilimwambia kuna siku watu watakulipa kwa kazi hiyo.

Ikawa tukitembea barabarani hatufiki. Anasoma kila kitu. Mbao za maduka, maneno ya nyuma ya bajaji, onyo la fuvu kwenye nguzo ya umeme. Akapeleka vitabu vyake shule awaonyeshe wenzake, tena wakati wa mapumziko, siyo wakati wa somo. Madam akavichukua vyote vitano mbele ya darasa, akasema huo ni upuuzi, si vya kiada wala ziada, na anayeleta upuuzi shuleni ni mpuuzi.

Nilienda kwa upole, mniamini. Mara ya kwanza nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Mara ya pili nikaambiwa ufunguo wa kabati uko kwa mwalimu mkuu na mwalimu mkuu yuko semina. Nikavumilia. Ambacho sikuweza kukivumilia ni kimya cha Ester. Barabarani anatembea anaangalia miguu yake. Siku moja nilikuwa napika, mikono ina unga, nikamwambia nisomee hiyo pakiti ya chumvi imeandikwaje. Akaishika. Akaangalia mlangoni. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, hii inaruhusiwa?"

Ndiyo maana Jumanne ile, nilipomwona Binti Trekta amelowa mafuta, sikula kitumbua cha pili. Niliingia getini na karatasi yangu mkononi, nikapita uwanja mzima, nikaingia ofisi ya walimu bila kubisha. Walimu wanne walikuwa wamekaa. Skola alikuwa wa mwisho, dirishani, anasahihisha.

"Mpwa," nikamwambia. "Mjomba hajambo?"

Kalamu ikasimama. Wale watatu wakainua vichwa. Skola akavua miwani, akaniambia Oliva, hapa ni ofisini. Nikamwambia najua, ndiyo maana nimevaa viatu. Nikaweka ile karatasi juu ya meza yake, upande wenye mwandiko wa Ester.

Akaitazama muda. Akasema kabati lilifanyiwa usafi kwa sababu ya ugeni wa wakaguzi, karatasi zikatolewa zote kwa pamoja, na wala hakujua zimeishia wapi. Hapo nilimwamini. Uso wa Skola akidanganya naufahamu tangu alipokuwa na ndugu Mang'ula, na siku hiyo hakuwa nao. Angeishia hapo ningeondoka. Lakini akaongeza.

"Na hata hivyo, Oliva, ni katuni tu. Enzi zetu katuni zilikuwa na mafunzo."

Enzi zetu. Neno hilo mimi nalipenda, mmeniona nikilitumia toka juu huko. Ila siku hiyo nililisikia likitumika kama rula.

"Funzo lipi?" nikamuuliza. "Mwanaume mzima amejificha kwenye togwa. Ukampigia kura miaka miwili, kwa mahindi ya wizi."

Mwalimu wa meza ya jirani alipaliwa na chai. Skola akaniambia mtoto lazima asome vitabu vinavyostahili, akataja mtaala, akataja maadili, akataja na kizazi hiki kilivyoharibika. Nikamwacha amalize. Sikuwa na utani tena.

"Ester hasomi, Skola. Ulisema nisaidie, nikasaidia, akasoma. Sasa anaogopa pakiti ya chumvi."

Aliivuta ile karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akasoma maandishi ya pembeni. Nikaona mdomo umecheza kidogo, pale kwenye trekta halilii. Nikajua Mpwa bado yupo ndani humo. Lakini kengele ikalia, wenzake wanatazama, akavaa miwani yake na u-Madam wake.

"Kama una malalamiko, andika," akasema. "Rasmi. Kwa maandishi."

Alisema hivyo kwa sababu anakumbuka alama zangu za insha.

Nimetembea kurudi nyumbani nikiwaza. Tulikuwa na karatasi chafu zisizo na mwanzo wala mwisho, na hakuna aliyetuambia ni upuuzi isipokuwa pale ndege walipokuwa wameshakula mpunga. Mwalimu wetu alipotukamata nazo alituchapa viboko viwili viwili, ndiyo, halafu akazisoma mwenyewe nyuma ya daftari la mahudhurio, tukamsikia akicheka, tukajua tumechapwa kwa kosa la kuchelewa kumpa. Mtoto wangu ana kitabu kizima, chenye jalada na jina la mchoraji ambaye ni mtu kweli. Ana mwanzo, ana mwisho, hana haja ya kumbebea mtu maji. Kila tulichokuwa tunakitamani anacho, isipokuwa mtu mzima wa kumwacha asome. Na hao watu wazima ndio sisi.

Kabula nilimsimulia kwa simu. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, neno moja tu, "Mkamate." Basi nimekaa mezani, nimeandika, nimechana mara tatu, nimeandika tena. Nimeipeleka kwa mkono wangu na imegongwa muhuri. Hii hapa kama ilivyo.

*

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Shule.

Nakala: Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu wa Kata.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VITABU VITANO VYA KATUNI VYA MWANAFUNZI ESTER, DARASA LA TATU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi huyo. Nalalamika kwamba vitabu vyake vitano vilichukuliwa na mwalimu wa darasa wakati wa mapumziko, nikaahidiwa kuwa vimehifadhiwa, na baadaye nikakuta kimojawapo kinafungia vitumbua getini. Naambatanisha ukurasa huo. Naomba radhi kwa mafuta, si yangu.

Simtuhumu mwalimu kuviuza wala kuvigawa. Nakubali maelezo yake kwamba ni usafi. Ninachomlalamikia ni kumwita mtoto mpuuzi kwa kosa la kusoma, wakati mwaka jana mwalimu huyo huyo aliniandikia kwamba hajui kusoma.

Naomba vitabu vinne vilivyobaki, kama vipo, virudishwe mkononi mwa mtoto na siyo mkononi mwangu. Kama havipo, sidai fidia. Naomba mwalimu asimame mbele ya darasa lile lile alilovichukulia, amwambie Ester kwamba kusoma kunaruhusiwa. Aseme neno hilo hilo, kunaruhusiwa, kwa sababu ndilo analoliuliza nyumbani.

Nimeandika kwa utulivu. Kamati ikichelewa, nitakuja kueleza kwa mdomo.

Wenu katika ujenzi wa taifa linalosoma,

Oliva, mama Ester.